Fundi, gitaa linauma: kisa cha redio ya mjomba iliyogeuzwa amplifaya

Kijana mmoja alikuja jioni kwa bajaji, msimu wa korosho ndiyo kwanza unaanza. Kaikumbatia redio ya mbao iliyofungwa kitenge kama mtu anayepeleka mtoto kliniki. Shikamoo fundi, marahaba, na kabla sijauliza redio ina nini akasema: "Fundi, gitaa linauma."

Nikadhani ni vidole. Anayeanza gitaa la umeme kwa nyaya mpya lazima ncha za vidole zimchubuke. Akatikisa kichwa. "Siyo vidole. Linauma kama siafu. Nikiwa pekupeku nikishika nyaya linauma, nikivaa ndala linaacha."

Hapo nikaweka chini nilichokuwa nashika. Mtu akikwambia ndala zinamponya, ujue umeme unapita mwilini mwake kwenda ardhini, na habari za muziki zinabidi zisubiri.

Alichokuwa amefanya ni hiki. Nyuma ya redio hizi za zamani kuna tundu mbili zenye alama ya santuri. Ziliwekwa kwa ajili ya gramafoni. Kijana alikata waya wa antena ya TV, upande mmoja akafunga jeki ya gitaa, upande wa pili akachomeka kwenye tundu hizo. Sauti ikatoka, ndogo, lakini alivyoieleza macho yalimng'aa. "Ni nene fundi. Kwenye sabufa gitaa linalia kama simu." Anapiga solo kwenye kikundi cha vijana wanaofanyia mazoezi uani kwa mama yake mkubwa, Magomeni hapa hapa Mtwara. Sasa alitaka mambo mawili: sauti iongezeke, na maumivu yaishe. Nikamwambia nitaanza na la pili, tena nikishindwa hilo, la kwanza asiniulize.

Redio ilikuwa ya mjomba wake, marehemu, aliyekuwa karani bandarini. Aliinunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akifungasha kurudi kwao. Si ajabu kuzikuta huku kusini. Mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kufa 1951, ulileta watu na vitu vingi hadi Nachingwea, mashamba ya mkonge ya Lindi yalikuwa na mameneja wake, na misheni za Ndanda na Masasi nazo zilikuwa na mitambo yao. Watu waliondoka, mitambo ikabaki juu ya makabati. Kwa mila za Wamakonde mali ya mjomba humwendea mpwa, kwa hiyo kijana alikuwa na haki yake. Hata hivyo nilimuuliza kama nyumbani wanajua, maana kuigeuza redio ya namna hii ni kuichinja. Mimi redio inayoweza kuimba tena siichinji. Nimeshawarudisha watu wawili kwa sababu hiyo, mmoja alinuna hadi leo.

Hii nilipoifungua nikaona haina pa kurudi. Mchwa wamekula ubavu wote wa kushoto. Kioo cha mbele kilikuwa kizima, na majina yake ya mbali, Hilversum, Luxembourg, Beromünster, lakini kamba ya kuvutia mshale imekatika, na zile koili za kukamatia stesheni, zenye waya mwembamba kama unywele, zimeota kutu ya kijani. Hewa ya chumvi ya hapa haina huruma na shaba nyembamba. Mjomba mwenyewe, kijana alisema, miaka yake ya mwisho alikuwa akiiwasha bila stesheni, anatazama tu lile jicho la kijani, taa ndogo ya kuonyesha stesheni imekamatwa vizuri.

Kabla ya kugusa chochote nilisoma majina ya valvu, zile chupa za kioo zinazokuza sauti. Nasisitiza hatua hii kwa sababu ndiyo inayoamua kama kazi ipo au haipo. Valvu za Ulaya zimepewa majina yenye maana. Herufi ya kwanza inaeleza hita, ule uzi unaowaka ndani. E ni volti 6.3, valvu zote zinalishwa sambamba kutoka kwenye transfoma. U ni miliampea 100, hita zimepangwa mfululizo na mara nyingi zinakula moja kwa moja umeme wa ukutani. P ni miliampea 300, hizo ni za televisheni za zamani. Ukikuta UCH81, UL84, UY85, maana yake redio kwa kawaida haina transfoma ya umeme, na chasi yenyewe, lile bati lote, imeunganishwa na waya mmoja wa ukutani. Ukichomeka plagi upande mbaya, bati lina volti 230. Kwenye redio ilikuwa siyo neno kubwa kwa sababu boksi ni la mbao na vitufe ni vya plastiki. Ukifunga gitaa, nyaya za gitaa ndiyo zimekuwa bati. Hiyo nisingeigusa, wala wewe usiiguse, na asikudanganye mtu kwamba ukigeuza plagi inakuwa salama.

Ya kwetu ilikuwa ECH81, EF89, EABC80, EL84 inayosukuma spika, na jicho, EM80. E zote. Transfoma ipo, nzito, imejaa vumbi.

Sasa kama transfoma ipo, gitaa liliuma kwa nini? Mita ikajibu. Kati ya waya mmoja wa umeme na chasi kulikuwa na kapasita, kifaa kidogo kinachohifadhi umeme, ya karatasi, pikofaradi 5,000, iliyowekwa kiwandani kupunguza mikwaruzo ya redio. Hata ikiwa nzima, kapasita hiyo kwenye umeme wa volti 230 hupitisha kama miliampea 0.36, kiasi cha kuwasha ngozi. Hii ilikuwa imechoka: mita ilisoma kiloomu 90. Piga hesabu, volti 230 gawa kwa hizo, ni miliampea 2 na nusu zinazopita kwa kijana hadi kwenye sakafu ya saruji yenye maji. Miliampea moja mtu anaihisi. Zikifika 10 hivi, mkono unaweza kushindwa kuachia. Kapasita ile ingechoka zaidi kidogo tu, leo nisingekuwa naandika habari za muziki.

Nikaikata na kuitupa, sikuweka nyingine. Waya wa miguu miwili ukatoka, ukaingia wa nyaya tatu, ule wa kijani na njano nikaufunga kwa boliti kwenye chasi, peke yake. Fyuzi ya ampea 1 kwenye njia ya umeme. Nilidhani suala la kuuma limekwisha. Halikuwa limekwisha, ila hilo nililijua siku ya mwisho.

Watu wanaona redio nzima kama hazina. Kwa macho yangu, kwenye redio ya valvu ya umri huu vitu vya kuchukua ni vinne: transfoma ya umeme, transfoma ya spika, chasi yenye soketi zake, na valvu zilizopona. Kilichobaki ni cha kushukiwa hadi kithibitike, na hasa kapasita zote. Kapasita za kuchuja umeme zilikuwa zimevuja utomvu mweusi. Ile rektifaya ya selenia, bati bati zilizopangana za kugeuza AC kuwa DC, nikaitoa pia, maana ikifa inatoa harufu mbaya yenye sumu. Mahali pake zikakaa dayodi nne za 1N4007.

Lakini dayodi hizi zina tabia yake. Selenia ilikuwa inakula volti kidogo, dayodi hizi hazili. Tena zinatoa umeme papo hapo wakati EL84 inahitaji nusu dakika hivi kupata moto. Katika nusu dakika hiyo hakuna anayekula umeme, na volti 250 za transfoma zinapanda hadi karibu 350 kwenye kapasita. Ukiweka kapasita ya volti 350 umeiweka ukingoni. Nilitumia za volti 400 kutoka kwenye TV mbili za chogo. Jamani, hizi TV za chogo zinazotupwa majalalani ndizo duka langu: kapasita za volti nyingi, waya wenye ganda la kinga, rezista kubwa, vyote bure. Transfoma nikaihamisha kutoka alama ya 220 kwenda 240, kwa sababu ukutani kwangu jioni ile nilipima 238. Halafu nikaweka rezista ya omu 150 ya wati 10 kati ya dayodi na kapasita ya kwanza. Volti za kazi zikashuka kutoka 296 hadi 265. EL84 mwisho wake ni 300, sipendi kuipeleka huko.

Upande wa sauti, EL84 inahitaji kama volti 4.3 kwenye gridi yake, yaani mlango wa kuingizia sauti, ndipo itoe nguvu zote. Gitaa linatoa sehemu ndogo ya volti moja, tuseme 0.1. EABC80 ya redio ingekuza mara 50 hivi, ungefika pale kwa tabu kama hakuna cha kupoteza njiani, lakini volyumu na toni vinapoteza. Ndiyo maana kijana alipata sauti ndogo. Kwa hiyo ECH81, EF89 na EABC80 zote zikatoka, na kwenye soketi moja ikaingia ECC83, ambayo ni valvu mbili ndani ya chupa moja. Niliitoa kwenye tepurekoda mbovu ya misheni iliyokaa kwangu miaka. Soketi ni ile ile ya miguu tisa, ila miguu haina kazi zile zile: hita za ECC83 ni mguu wa 4 na 5 vikiunganishwa pamoja, na wa 9. Ukiichomeka bila kubadilisha nyaya haifanyi kazi, na pengine unaiua. Anodi, sauti inapotokea, zikapata kiloomu 100 kila moja, kathodi, umeme unapoanzia, omu 1,500 na kapasita ya maikrofaradi 22.

Jicho la kijani lilibaki. Halina kazi kwenye amplifaya ya gitaa. Kijana aliomba, na mimi nikaona hita zilizotoka zimeacha nafasi kubwa: valvu za mwanzo zilikula kama ampea 2, sasa tuko chini ya 1.4. Nikalifunga likonyeze kila sauti inapotoka. Mjomba angefurahi, alisema. Sikubisha.

Kuwasha kwa mara ya kwanza nafanya kwa taa ya siriizi, globu ya wati 60 iliyofungwa njiani kabla ya kifaa. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, kuna shoti. Ikiwaka kisha ikafifia, endelea. Siku hizi globu za uzi zimekuwa adimu kuliko valvu, ninayo moja nailinda kama yai. Ilififia vizuri. Nikaitoa globu, nikawasha moja kwa moja, spika ikiwa imefungwa, maana EL84 isiwashwe bila spika ukaiingizia sauti, transfoma yake inaweza kutoboka kwa volti inazozalisha yenyewe.

Dakika ya kwanza, kimya kizuri. Ya pili, kijana ananyoosha kidole: "Fundi, inatakiwa iwake hivyo?"

Ndani ya EL84, siyo uzi wa katikati ambao huwaka siku zote, bali lile bati la kijivu la pembeni, ndiyo anodi, palikuwa na doa jekundu kama kaa la mkaa unaloona gizani, linapanuka. Nikazima. Nikasubiri, nikamwaga umeme wa kapasita kwa rezista ya kiloomu 10, mkono mmoja mfukoni kama nilivyofundishwa, kisha nikarudi na mita na kuwasha kwa sekunde chache tu za kupimia. Kathodi ilisoma volti 12. Rezista yake ni omu 150, kwa hiyo miliampea 80 zinapita. Toa 9 hivi za skrini, gridi yake ya pili, anodi inabaki na 71, na valvu ilikuwa na volti kama 223 kati ya anodi na kathodi. Hizo ni karibu wati 16. Anodi ya EL84 imeruhusiwa 12.

Kwa nini inakunywa hivyo? Gridi, ambayo inapaswa kusoma sifuri, ilisoma volti 7 chanya. Umeme huo unatoka wapi? Wa kwanza kushukiwa ni kapasita inayopitisha sauti kutoka anodi ya ECC83. Kazi yake ni kuruhusu sauti ipite na kuzuia volti za anodi zisipite. Ikianza kuvuja, inaibebesha valvu ya mwisho mzigo usio wake mpaka ife.

Na hapa niseme ukweli: kapasita ile ilikuwa ya zamani. Nilibadilisha zote, hiyo moja nikaiacha kwa sababu ganda lake lilikuwa linang'aa na kwenye mita ya omu ilisoma vizuri. Mita ya omu inapima kwa volti chache. Kapasita inayovuja chini ya volti 180 inaweza kukuonyesha uso msafi chini ya volti 3. Najua hilo tangu zamani, na bado nilidanganywa na mng'aro. Ikaingia ya nanofaradi 22, volti 630, kutoka TV ile ile ya chogo. Gridi ikarudi sifuri, kathodi volti 7.4, miliampea 49. Doa halikurudi tena. Valvu ilipona, EL84 ni ngumu, lakini ingekaa hivyo robo saa sijui.

Kilichofuata ni mvumo. Hapa pana kipimo rahisi: teremsha volyumu hadi mwisho. Mvumo ukibaki, tafuta kwenye uchujaji wa umeme au valvu ya mwisho. Ukiondoka na volyumu, uko mbele, kwenye ECC83 na waya wa gitaa. Wetu uliondoka. Redio hizi zilitumia chasi kama njia ya kurudia umeme wa hita, na kwa redio ilitosha. Gitaa linakuzwa mara nyingi zaidi, kila uchafu unasikika. Nikavuta nyaya mbili mpya za hita, nikazisokota kama kamba ya katani, nikazibana kwenye kona ya chasi, na kuziegemeza kwa rezista mbili za omu 100 kwenda chini. Ukabaki mnong'ono wa kuusikia ukiweka sikio kwenye spika tu.

Spika ya redio yenyewe, ya yai, karatasi imekauka, ingepasuka kwa nota tatu. Tulikuwa na ya inchi 10, omu 8, kutoka kwenye boksi la zamani la kwaya. Je, inafaa kwa transfoma ile? Niliingiza volti 12.8 za AC upande wa valvu, upande wa spika zikatoka 0.4. Uwiano 32 kwa 1. Zidisha 32 kwa 32, ni 1,024. Kwa spika ya omu 5 valvu inaona omu 5,100, sawasawa na inavyopenda EL84. Kwa omu 8 inaona 8,200, nguvu inapungua, haifi. Nikamwambia akipata spika ya pili ya omu 8 azifunge sambamba, zitakuwa omu 4, itapendeza zaidi. Usifanye kipimo hiki kinyume, ukaingiza volti upande wa spika: volti 6 tu zitatoka 190 upande wa pili.

"Ina wati ngapi?" Tano. Uso ukamshuka. "Sabufa imeandikwa mia sita." Nikamwambia zile ni wati za kwenye boksi la karatasi. EL84 mbili hutoa amplifaya ya wati 15, nne ni Vox AC30 waliyopigia Beatles, na Leo Fender mwenyewe, yule mtengenezaji wa magitaa, alianza kama fundi redio, duka lake alilifungua Fullerton, California, mwaka 1938. Alitazama chupa ile ndogo kama vile nimemwambia ni jamaa yake. Kisha akapiga. Volyumu ikiwa chini ya nusu sauti ilikuwa safi, ya mviringo. Akapandisha, akapiga nyaya zote kwa pamoja, sauti ikaanza kukwaruza pembeni, ule mkwaruzo mtamu usiokatika ghafla, na jirani yangu anayeuza vocha akaja mlangoni kuangalia nani kafungua baa.

Kwangu imekwisha, Magomeni haijakwisha. Nilienda naye, kwa sababu waya wa tatu niliomfungia una maana pale tu soketi ya kwao ina ardhi. Nikapima kati ya waya wa moto na tundu la ardhi: volti 61. Soketi ina matundu matatu, ukutani hakuna kitu kwenye tundu la tatu. Ni jambo la kawaida mno. Nikamwita fundi umeme, akapigilia fimbo ya shaba ya mita moja na nusu na kuvuta waya. Swali likawa wapi, maana mchanga wa hapa ukikauka haushiki umeme. Tukachagua pale mama mkubwa anapooshea vyombo, panapolowa kutwa. Hata fimbo ikiwa na omu 50, umeme ukivuja kwenye chasi zitapita zaidi ya ampea 4 na fyuzi ya ampea 1 itakatika. Fundi umeme alisisitiza waongeze na breka ya kukata umeme unapovuja, na ana haki.

Mita sasa ilisoma 229. Kijana akavua ndala, akasimama kwenye maji ya vyombo, akashika nyaya za gitaa kwa mkono mmoja na chasi kwa mwingine. Akacheka.

Mama mkubwa, ambaye muda wote alikuwa akilalamika kwamba tunamtobolea ua, akaisogelea ile fimbo, akaigusa kwa ncha ya mguu. "Na friji langu je? Nalo linauma, miaka yote. Nilijua ndivyo yalivyo."